Hatua Sitini Hadi Bombani

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ya Jumamosi asubuhi imekuwa kusimama kwenye uwanja wa mpira nikiwa nimekumbatia ndege. Ndege yenyewe ni ya mbao nyepesi na nailoni, mabawa yake yanaishinda mikono yangu kwa urefu, na ndani ya tumbo lake mna risiva, kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Risiva ndiyo inayopokea amri za rimoti na kuigeuza ndege kushoto au kulia. Mume wangu anatengeneza risiva za ndege hizi za kuchezea, ingawa ukimwambia ni za kuchezea atakununia mpaka chakula cha jioni.

Yeye ni fundi redio, mimi ni fundi cherehani. Tuna chumba kimoja cha kazi chini ya ghorofa tunayoishi, na katikati kuna pazia, kwa sababu moshi wa kuchomelea kwake unaingia kwenye vitambaa vya wateja wangu. Mtu akibisha na kuuliza, "Fundi yupo?" tunaitika wote wawili kwa pamoja. Wengine waliokuja kupunguza sketi wameshawahi kusikilizishwa habari za antena robo saa nzima kabla sijawaokoa.

Upimaji unakwenda hivi. Mimi nasimama kwenye kitako cha zege ambako zamani kulikuwa na mlingoti wa bendera, nimeinua ndege usawa wa kifua. Yeye anaisukuma antena ya rimoti ndani mpaka inabaki kama kidole, makusudi, ili rimoti inong'one badala ya kupiga kelele. Kisha anaondoka, anatembea huku akihesabu kwa sauti, kidole gumba kikichezesha kijiti kushoto na kulia, na mimi natazama usukani wa mkiani. Ukiendelea kucheza vizuri, nanyamaza. Ukianza kutetemeka au ukikwama, napiga kelele, "Haisikii!" Risiva inayosikia mnong'ono kwa hatua sitini, antena ikishavutwa yote itasikia hata ndege ikiwa juu mawinguni. Isiyofika sitini inarudi mezani kuchokonolewa upya.

Tangu mwanzo nilimwambia kwamba hatua si kipimo. Mimi sijawahi kukata kitambaa cha mtu kwa kukisia. Tepu yangu iko shingoni tangu ninapoamka, na nikifa wanizike nayo. Yeye alinijibu kwamba miguu yake haijawahi kumdanganya. Na kweli, hatua yake ya sitini ilikuwa ikiishia kwenye bomba la maji pembeni mwa uwanja, kila mara, kama vile bomba lilichimbiwa pale kwa ajili yake. Akifika anainama, anakinga viganja, anakunywa, halafu anarudi na shati limelowa kifua kizima. Nilikuwa nikimgombeza, maana anayefua ni mimi na maji yale yana chumvi, yakikauka yanaacha doa jeupe. Mwanamume mzima anakunywa maji kama anaoga!

Yeye naye alikuwa na yake ya kunigombeza. "Bibie, usikae mbele ya antena. Mwili wa binadamu ni pipa la maji, mawimbi hayapiti." Mara ya kwanza aliponiita pipa nilinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja upande wangu wa pazia na kitabu kilichochorwa mtu na mishale, kunithibitishia kwamba kila mtu ni pipa, hata yeye. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Basi, mwaka huu zikaanguka ndege tatu.

Ya kwanza tulisingizia upepo. Ya pili mwenye ndege alikiri alikuwa amevaa miwani ya kusomea. Ya tatu ilikuwa ya Kapteni, na hiyo haikuwa na wa kusingiziwa. Kapteni ni karani mstaafu wa posta, kiongozi wa watu saba wanaorusha ndege kwenye ule uwanja kila Jumapili, na hajawahi kupanda ndege ya kweli hata mara moja. Ndege yake ilikuwa imenyooka vizuri, haijaenda hata mbali, mara ikaacha kusikia. Ikapita juu ya vichwa vyetu, ikavuka ukuta, ikashukia paa la gari la mikate lililokuwa limesimama barabarani. Dereva alitoka na mkate mkononi, anatazama juu kama anasubiri ya pili.

Hakuna aliyeumia, na Kapteni hakumlaumu mtu. Lakini mume wangu aliokota mabaki mwenyewe, kipande kwa kipande. Kesho yake alichomoa risiva kwenye mabaki, akaifunga kwenye ndege nyingine, tukaenda kuipima. Hatua sitini, usukani unacheza bila wasiwasi. Akaipima tena. Sitini.

"Kifaa kinapita, halafu kinaanguka," aliniambia. "Basi kibovu si kifaa, bibie. Kibovu ni mimi. Mkono wangu umezeeka, au kichwa."

"Kichwa chako kilikuwa hivyo hivyo uliponioa," nikamwambia.

Hakucheka. Akaniambia kwamba atamalizia risiva moja tu, ya ndege mpya ya Kapteni, kwa kuwa aliahidi. Ikishapimwa Jumamosi na kuruka Jumapili, anafunga meza. Vifaa vya wateja vitarudishwa bila kufunguliwa. "Safari hii lilikuwa paa la gari," akasema. "Safari ijayo ni kichwa cha mtoto wa mtu. Siwezi kuishi na hilo."

Nataka ieleweke vizuri hapa. Mume wangu akiwa anachomelea anapiga mluzi, wimbo mmoja tu, na ule mmoja wenyewe haujui. Kwa miaka yote hiyo nimemwomba anyamaze, nimempiga kwa mto wa sindano kupitia pazia, nimemtishia talaka. Wiki ile akanyamaza. Nilikuwa nikishona upande wangu, namsikia anateremsha vikopo vya vipuri kutoka kwenye rafu, kimoja kimoja, anavipanga kwenye boksi, na hakuna mluzi. Cherehani ilinishinda. Mtu huyu akiacha ile meza nilijua atakaa dirishani kule juu kutwa nzima, na nitampoteza huku namwona.

Jumamosi tukaenda kupima kama kawaida. Nilisimama kwenye zege na ndege mpya ya Kapteni, nyekundu, inanuka rangi bado. Akaenda, akihesabu. Usukani ulicheza mpaka mwisho. "Sitini!" akasema kule aliko, akageuka, akarudi polepole.

"Imepita," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba. Akaandika kwenye daftari lake. Nikampa pole, nikamrekebishia kola, tukarudi nyumbani.

Mchana huo nilikuwa napiga pasi mashati yake. Nikapiga la kwanza, nikapiga la pili, na la tatu nikaligeuza kifuani kutafuta doa la chumvi, kwa mazoea tu. Halikuwepo. Nikarudi kwenye lile la pili. Halikuwepo. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilisugua kifua cha shati lake kwa limau, nikaona ni zaidi ya mwaka. Hata asubuhi ile nilipomshika kola, kifua kilikuwa kikavu. Nami mwaka mzima nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo kwamba mume wangu hatimaye amepata adabu ya kunywa maji.

Nilisimama na pasi mkononi nikiwaza, mpaka harufu ya kuungua ikanizindua. Shati lile sasa ni tambara la jikoni.

Nikavaa viatu, nikamwambia nakwenda kununua nyuzi, nikaenda uwanjani na tepu yangu. Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa laini, na watoto walikuwa wanacheza mpira upande wa pili, kwa hiyo nyayo zake za asubuhi zilikuwa bado zipo. Nikaanza kwenye zege, nikapiga magoti, nikalaza tepu kuelekea bombani. Tepu yangu ni meta moja na nusu. Ililala mara thelathini ndipo nikagusa bomba. Meta arobaini na tano.

Halafu nikarudi nikazifuata nyayo. Ziliishia mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote, majani tu, na pale ndipo alipogeukia. Mara ishirini na mbili. Meta thelathini na tatu. Hizo ndizo hatua zake sitini za sasa.

"Bibi, unapima kiwanja?" mtoto mmoja akaniuliza, mpira kwapani.

"Napima suruali," nikamjibu. Akaenda kuwaambia wenzake.

Nikapima unyayo hadi unyayo. Sentimita hamsini na tano, wakati hatua ya kufika bombani inataka sabini na tano. Na wa kulia ulikuwa umezama vizuri, lakini wa kushoto ulikuwa na mkia nyuma yake, mstari mrefu kwenye udongo. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburutwa.

Nilikaa kwenye lile zege. Mimi ndiye mtu ambaye mteja akiingia tu mlangoni najua bega lake la kulia limeshuka nusu inchi, kabla hajavua koti. Nashona suruali za nusu ya mtaa na naweza kukuambia nani anaumwa goti. Na mume wangu wa miaka thelathini na mmoja anaburuta mguu, sijui! Nikaanza kujiuliza ninamwonaje akitembea, nikagundua simwoni. Uwanjani macho yangu yako kwenye usukani. Barabarani tunatembea sambamba, na tangu nilipofanyiwa operesheni ya nyongo mwaka jana amekuwa akinishika kiwiko, kila mahali, kwenye ngazi, sokoni. Nilijisikia mwanamke mwenye bahati. Nilidhani ananishika mimi nisianguke.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, nikajikasirikia mimi kwa upofu, nikalikasirikia hata lile bomba. Hasira ilipopungua nikaona jambo lenyewe lilivyo. Mikono yake ilikuwa mizima. Kichwa chake kilikuwa kizima. Risiva zilizokuwa hazifai zilikuwa zinapita kwa sababu zilikuwa zinapimiwa karibu. Lakini kumwambia hivyo maana yake ni kumwambia, mzee wangu, miguu uliyoiamini ndiyo iliyoangusha ndege. Na namjua. Angesema si kweli, angehesabu sitini nyingine akijivuta kwa maumivu mpaka bombani ili anishinde, na angerudi anatabasamu huku machozi yanamlenga.

Nikarudi dukani. Nina gunia la mabaki ya vitambaa chini ya meza, nalo nimelishikilia miaka mingi, yeye akiliita makaburi. Nikalimwaga lote. Nikakata vipande virefu, upana wa vidole viwili, nikavikunja na kuviunga kwa cherehani: bluu ya sare za shule, maua ya mapazia, nyeupe ya kitani, nyekundu ya gauni la bibi harusi wa pili wa daktari wa meno. Alichungulia kwenye pazia akaniuliza nashona nini. Nikamwambia mkanda. "Wa nani, wa tembo?" akauliza, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la utani wiki nzima. Giza lilipoanza kuingia nilikuwa na meta arobaini na tano kamili.

Jumapili nikamtoa nyumbani mapema kabla ya wenzake kufika. Tulipofika kwenye zege nikaiwasha ndege nyekundu, nikamkabidhi rimoti, kisha nikamfunga kiunoni ncha moja ya ile kamba ya vitambaa.

"Hii ndege tumeshaipima jana," akasema.

"Tunaipima tena."

Aliitazama kamba, akaipitisha vidoleni meta kadhaa, akasimama kwenye kipande kimoja. "Hiki kinachong'aa ni nini?"

"Kitambaa cha sherehe."

"Kina uzi wa madini, bibie. Hicho ni antena. Kikate." Hata akiwa na huzuni ya kufunga kazi hakuweza kuvumilia upimaji mchafu. Nikatoa mkasi, nikakata kipande kile, nikaunga kwa kingine nilichobeba, kirefu vile vile, yeye akisimamia. Nilimpenda sana dakika ile.

"Sasa utatembea mpaka kamba ikaze," nikamwambia. "Usihesabu."

"Kwa nini nisihesabu?"

"Kwa sababu mimi ni fundi cherehani na nimechoka kupimiwa kwa miguu. Nenda."

Akaenda. Ncha ya pili nilikuwa nimeizungushia kiganjani huku nimekumbatia ndege, na kamba ilikuwa ikifunguka kutoka kwenye rundo miguuni pangu. Nilikuwa nikiisikia mkononi: inavutwa kwa nguvu, halafu kidogo, kwa nguvu, halafu kidogo. Mguu mzima, mguu mbovu. Macho yangu yalikuwa kwenye usukani lakini safari hii mkono ulikuwa unaniambia yote.

Kapteni alitokea nyuma yangu na kofia yake yenye mabawa. "Shemeji, naona sasa mmeamua kufungana kamba."

"Nyamaza, Kapteni. Na usikae mbele ya antena, wewe ni pipa."

Kule mbele mume wangu akasimama. Nilijua alikuwa amehesabu kimyakimya, asingeweza kujizuia, na alikuwa amefika sitini. Akatazama chini, akaiona kamba imelala legelege kwenye majani. Akageuka kidogo, akaangalia rundo lililobaki miguuni pangu. Kisha akainua macho, akaliangalia bomba mbele yake, mbali kuliko alivyolizoea. Nilimwona mgongoni tu, ila mgongo wa mtu wako unausoma. Nilitamani kutupa ndege ya watu nikimbilie kule.

Akaendelea kutembea. Hatua nne, tano. Usukani ukatetemeka kama mtu mwenye homa. Hatua nyingine mbili, ukakwama kabisa.

"Haisikii!" nikapiga kelele.

"Kabisa?" naye akapiga kelele kule.

"Kabisa! Imekufa!"

Mume wangu akainua rimoti juu kwa mikono yote miwili. "Asante Mungu!" akasema, uwanja mzima ukasikia. "Imekufa! Bibie, imekufa!"

"Ndege yangu imekufa, anashukuru?" Kapteni akaniuliza, uso umemshuka.

"Tutakueleza," nikasema, nikawa nalia, nikamtia Kapteni ndege yake mikononi. Akaipokea kama anakabidhiwa mtoto mchanga asiyemjua.

Mzee hakugeuka. Akaenda moja kwa moja mpaka bombani, akijivuta bila kuficha sasa, na kamba ikakaza mkononi mwangu wakati ule ule alipoweka kiganja juu ya bomba. Akainama, akanywa. Kisha akarudi akiikunja kamba kutoka kiganjani hadi kiwiko, taratibu, akianza kuzungumza kabla hata sijamsikia. Ni zile kapasita, alikuwa akisema, vile vipuri vidogo vya pakiti mpya. Alizishuku tangu siku ya kwanza. Mkono ulimwambia hazifai, lakini kila akipima zinapita, akajiona yeye ndiye mwenye kasoro. Atazing'oa zote, za watu wote saba, leo leo. "Hairuki mtu leo, Kapteni!" Kifua chake kilikuwa kimelowa chote.

Nilingoja Kapteni aende kuwapa wenzake habari.

"Mguu," nikasema. "Tangu lini?"

"Nyonga," akanisahihisha. Mafundi redio ndivyo walivyo. "Kitu kidogo tu."

"Tangu lini, mzee?"

Akakunja kamba mizunguko mitatu zaidi. "Tangu zile ngazi."

Sikuelewa kwanza ngazi zipi. Halafu nikaelewa. Siku niliyotoka hospitali baada ya operesheni, daktari alikuwa amenikataza kupanda ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya pili. Majirani walikuja kusaidia, akawakatalia. Alinibeba mwenyewe, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, mpaka kitandani, akinitania njia nzima. Mwaka mzima baada ya hapo nilimhadithia kila mteja aliyeingia dukani.

"Uliniambia mimi ni mwepesi," nikasema. "Ulisema risiva ni nzito kuliko mimi."

"Ah," akasema. "Pale kipimo nilikitia chumvi kidogo."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa na mshono wa kiganja kizima tumboni. Nyumba moja haiwezi kuwa na wagonjwa wawili, bibie, nani angempikia nani?"

Sikuweza kumgombeza. Nikamwambia tu kwamba kesho tunakwenda hospitali, akasema Jumatano, nikasema kesho, akasema sawa. Nikalipapasa lile shati bichi kifuani pake. Tulikuwa na risiva saba za kufungua, kwa hiyo tukaanza kurudi dukani. Kwenye lango la uwanja akanyoosha mkono kunishika kiwiko, kama alivyozoea, kisha akasita. Nikampa kiwiko, nikakaza mkono wangu ubavuni ili aegemee vizuri, na safari hii sote wawili tulijua nani anamshika mwenzake.